Shajara ya mradi: kioski cha maji na choo cha mashimo mawili, mtaa wa mlimani Mbeya

Kazi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kioski chenye tenki la lita 5,000 kwenye mteremko wa chini ya mlima Loleza. Ya pili ni choo cha matundu mawili kwa ua mmoja wa kupanga wenye kaya 7, watu 31. Gari haliingii hapo. Vifaa vinashushwa barabarani na kirikuu, vinapandishwa mabegani. Bei ni za masoko ya Mwanjelwa na Kabwe wakati wa kununua. Hatua za kawaida zimefupishwa, na palipoharibika pameandikwa kwa urefu.

14 Mei 2024: Kupima kabla ya kununua

Bomba la mamlaka ya maji linapita barabara ya chini. Kutoka hapo hadi kiwanja cha kioski ni mita 180, na kiwanja kiko juu kwa mita 11. Kupanda tumekupima kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji, hatua kwa hatua na ubao wa futi. Programu za simu zilikosea kwa mita 6 juu au chini kila tulipozijaribu, na kwenye kazi hii mita 6 ni tofauti ya kupata maji na kukosa.

Msukumo tumeupima kwa geji ya maji (shilingi 18,000) iliyofungwa kwenye koki ya jirani wa barabarani, kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, siku tatu mfululizo. Mchana inasoma bar 0.5. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri inapanda hadi 1.7. Bar moja husimamisha maji kama mita 10, kwa hiyo usiku tuna mita 17 na mchana 5. Mchana maji hayafiki kiwanjani kabisa. Tenki litajazwa ndani ya saa 7 za usiku au lisijazwe.

Mchoro wa mwanzo ulikuwa na mnara wa chuma wa mita 3. Jumlisha: mita 11 za mlima, 3 za mnara, 2 za kimo cha tenki maana maji huingia juu, jumla 16. Inabaki mita 1 ya kushindana na msuguano wa bomba, dira (mita ya maji) na boya (koki inayojifunga tenki likijaa). Mnara umefutwa. Kioski hakihitaji mnara. Kinahitaji tenki lililo juu kidogo ya dumu. Tunajenga jukwaa la mawe la mita 1.5, na hapo inabaki mita 2.5.

2 Juni 2024: Jukwaa na mtaro

Jukwaa ni mita 2.4 kwa 2.4. Kuta ni za mawe, katikati tumejaza moramu na kuishindilia kila sentimita 15, juu zege la sentimita 10. Tenki likijaa ni tani 5. Sakafu ikiinama au ikiwa na jiwe lililochomoza, kitako cha tenki kitapasuka. Saruji mifuko 14 kwa 18,500 (259,000), mawe tripu mbili 180,000. Mtaro wa bomba una kina cha sentimita 60, na chini ya njia ya bodaboda 80.

Bomba tulilonunua ni jeusi la milimita 25, mita 180 kwa 1,500, jumla 270,000. La milimita 32 lilikuwa 2,400 kwa mita. Tuliona tumeokoa 162,000.

19 Juni 2024: Maji hayajazi tenki

Usiku wa kwanza tenki lilipata lita 3,100. Wa pili 3,200. Boya lilikuwa wazi muda wote.

Ukiuliza mafundi kumi, tisa watasema "ni hewa". Nasi tulisema hivyo, kwa sababu mtaro unapita juu ya kichuguu karibu na mita ya 120 kisha unashuka kidogo. Tukanunua valvu ya kutoa hewa (35,000), tukaifunga kileleni. Usiku uliofuata, lita 3,150.

Kabla ya kununua kitu kingine, simama juu ya tenki na dumu na saa. Maji yenye hewa hutema, hukata, hurudi kwa kishindo. Yetu yalikuwa membamba na tulivu, sekunde 160 kwa lita 20, dumu la kwanza sawa na la kumi. Huo ni msuguano. Kwenye bomba la 25 (ndani ni kama milimita 21), ukitaka lita 0.3 kwa sekunde unapoteza karibu mita 5 za msukumo katika kila mita 100. Kwenye la 32 (ndani kama 28) unapoteza mita 1.2. Unene umeongezeka kwa theluthi, hasara imepungua mara nne. Sisi, tukiondoa dira na boya, tulikuwa na mita 1.8 tu za kutumia kwa njia nzima.

27 Juni 2024: Bomba la 32

Mita 180 kwa 2,400, jumla 432,000. Kufukua na kufukia tena ni vibarua watano kwa siku mbili kwa 12,000, yaani 120,000. Pale kwenye kichuguu tumechimba sentimita 40 zaidi ili bomba lipande moja kwa moja bila mgongo. Valvu ya hewa tumeitoa, tumebaki nayo kama kumbukumbu ya gharama. Bomba la 25 limepata kazi nyingine, tazama Septemba.

Sasa ni sekunde 75 kwa lita 20. Tenki linajaa kwa saa tano na dakika kumi hivi. Saa mbili kasoro zilizobaki ni akiba ya usiku ambao msukumo ni hafifu.

Kosa letu liligharimu 425,000: bomba la kwanza, valvu, kufukua. Hesabu iliyotuonyesha kosa ilichukua dakika kumi.

8 Julai 2024: Klorini, koki, kufungua

Kuua vijidudu kwenye tenki jipya: miligramu 50 za klorini kwa lita, mara lita 5,000, ni gramu 250. Unga wa klorini tulionao una nguvu ya asilimia 65, kwa hiyo gramu 385. Mara ya kwanza unga ulimwagwa moja kwa moja tenkini. Chokaa yake ilituama chini ikaganda kama uji, na siku mbili maji yalinuka. Njia sahihi ni kukoroga kwenye ndoo ya plastiki (maji kwanza, unga baadaye, glavu na nje penye upepo), kuacha nusu saa, kisha kumimina maji ya juu na kutupa machicha. Unaacha saa 24, unamwaga mbali na bustani, unajaza upya. Kipimo cha vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi kilionyesha miligramu 0.3 za klorini kwa lita kwenye koki. Tunataka kati ya 0.2 na 0.5.

Koki tatu za nusu inchi zilijaza dumu kwa sekunde 100 tenki likiwa nusu. Foleni ya asubuhi haivumilii hilo. Tumeweka za robo tatu za shaba, za kuzungusha robo duara, na sasa ni sekunde 50. Tundu la kutolea maji tumelipandisha sentimita 10 kutoka kitako ili tope libaki chini, na koki ya kusafishia iko chini yake.

Tenki 1,150,000, viungio na koki 210,000, kibanda 380,000, ufundi na vibarua 460,000. Ukiongeza jukwaa na bomba la 32, kioski ni 3,071,000, bila ada ya mamlaka ya kuunganishwa na bila makosa ya Juni. Bei ya dumu haipangwi na kamati. Inafuata bei za mamlaka zilizoidhinishwa na EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati na maji), na imeandikwa kwa rangi dirishani.

22 Julai 2024: Shimo la kwanza limebomoka

Tumechagua choo cha kumwagia maji chenye mashimo mawili yanayopokezana. Moja linatumika, jingine linapumzika hadi kinyesi kiwe udongo wa kuchotwa kwa koleo. Sababu ni njia: gari la kunyonya haliwezi kufika uani, leo wala baada ya miaka kumi.

Shimo la kwanza lilichimbwa wazi, upana mita 1.5. Udongo wa Mbeya una tabaka za majivu na mawe mepesi ya volkano. Juu ni udongo mwekundu unaosimama vizuri na kukudanganya. Kwenye mita 1.6 tulikuta tabaka la changarawe nyepesi isiyoshikana. Tulifika mita 2.2 jioni, asubuhi upande mmoja ulikuwa umeporomoka na shimo lina upana wa mita 2.3 chini. Hakuna aliyekuwa ndani. Kuanzia hapo hakuna anayeshuka chini ya mita 1.2 pasipo kuta.

Kufukia na kuhama mita mbili: vibarua watatu, siku tatu, 108,000.

6 Agosti 2024: Kujenga juu, kuzamisha chini

Pete ya zege inamwagwa juu ya ardhi: kipenyo cha ndani mita 1.2, cha nje 1.5, kimo sentimita 20, nondo za milimita 8 mizunguko miwili, ukingo wa chini umechongwa uelekee ndani kama shoka. Inakaa siku 10. Kisha unajenga matofali ya kuchoma juu yake kozi sita sita, unachimba ndani, na ukuta unajizamisha kwa uzito wake.

Ukuta una unene wa sentimita 11, kwa hiyo nje kunabaki uwazi wa sentimita 4 hivi juu ya pete. Uwazi huo ndio faida kubwa ya njia hii. Unamimina kokoto ndogo humo kadiri ukuta unavyoshuka, na kokoto inazuia changarawe isipenye kwenye viungo vilivyoachwa wazi. Viungo vya kulala vinapigwa udongo wa saruji vyote. Vya kusimama vinaachwa wazi kila kozi ya pili, sentimita 1 na si 5 kama inavyofanywa kwenye udongo mgumu. Nusu mita ya juu inazibwa kabisa.

Shimo la pili lilipinda. Mchimbaji alianza upande mmoja, pete ikainama sentimita 12 kufikia mita 1.4. Usiipige wala usiikandamize, ukuta utapasuka. Tulichimba chini ya upande uliobaki juu tu, kidogo kidogo, tukiangalia timazi kila kozi, na ikarudi hadi sentimita 2. Ilichukua siku nzima. Zungusha mchimbaji kama mshale wa saa na tatizo halitokei.

Kuhusu ukubwa. Mwongozo tuliouanza nao uliandikwa kwa joto la pwani na unasema pumzisha mwaka mmoja. Mayai ya minyoo hayajui mwongozo. Shirika la Afya Duniani linashauri zaidi ya mwaka mmoja penye nyuzi 20 hadi 35, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili penye nyuzi 2 hadi 20. Mbeya iko kundi la pili. Kwa hiyo kila shimo lipokee miaka miwili: watu 31, lita 40 kwa mtu kwa mwaka, miaka 2, ni lita 2,480. Kwa kipenyo cha 1.2 hiyo ni mita 2.2 za kina kinachotumika, na nusu mita ya wazi juu. Tungefuata mwongozo wa pwani tungechimba nusu ya hapo, kisha baada ya mwaka mtu angepewa koleo achote minyoo hai.

Ua ni mdogo, mashimo yako mita 1.6 tu toka moja hadi jingine. Ilipaswa umbali uwe sawa na kina. Tumeziba viungo vyote kwenye nusu ya ukuta inayotazama shimo la jirani, unyevu usivuke.

24 Agosti 2024: Ufa kwenye mfuniko

Mifuniko ya zege ina unene wa sentimita 8, nondo za 8 kila sentimita 15. Mbao zilitolewa siku ya nne. Usiku wa Agosti hapa baridi bado ni kali na zege hukomaa polepole. Wa kwanza ulipata ufa katikati ulipoinuliwa. Umevunjwa, umemwagwa upya kwa vipande viwili badala ya kimoja (ni rahisi pia kuvifunua baadaye), ukafunikwa kwa mifuko na majani, ukamwagiliwa siku 10. Hasara 74,000.

15 Septemba 2024: Choo kimefunguliwa

Sinki mbili za kuchuchumaa zenye mkunjo unaoshika maji, chemba ya kugawa, bomba la inchi 4 kwenda kila shimo. Mdomo wa shimo la pili umezibwa kwa kipande cha ubao na udongo wa mfinyanzi. Saruji tungeijutia siku ya kugeuza.

Maji ya bafu hayaingii kwenye mashimo haya. Watu 31 wakioga kwa lita 10 kila mmoja ni lita 310 kwa siku, na shimo litakuwa kisima. Bafu lina shimo lake la kunyonya lililojazwa mawe. Bomba la 25 la Juni sasa linaleta maji kutoka kioski hadi pipa la choo. Bila pipa lenye maji mlangoni, choo cha kumwagia maji hakidumu wiki mbili.

Matofali 1,600 (208,000), saruji mifuko 26 (481,000), mchanga na kokoto 320,000, nondo na waya 96,000, mabomba ya inchi 4 na viungio 114,000, sinki 60,000, mabati, mbao na milango 430,000, ufundi 540,000, vibarua 384,000. Jumla 2,633,000, yaani takriban 376,000 kwa kaya. Kubomoka na ufa vimo humo.

26 Septemba 2024: Bomba limeziba, siku ya 11

Chemba imejaa. Bomba toka sinki hadi chemba ni mita 3.5 na mteremko wake ulikuwa sentimita 3.5, moja kwa mia. Maji lita 2 hayawezi kusukuma kitu kwenye mteremko huo. Hutangulia na kuacha mzigo nyuma. Inatakiwa walau moja kwa thelathini, sentimita 12. Mashimo hayashuki tena, kwa hiyo sakafu ya choo imepanda: sinki zimeng'olewa, zimewekwa sentimita 10 juu, na mlangoni kuna ngazi moja. Siku mbili, 96,000, na sinki moja ilivunjika (30,000).

Waliokosea kusoma pima maji ni sisi. Chemba ilijengwa kabla ya sakafu; jenga sakafu kwanza ufuate mteremko ukishuka.

20 Oktoba 2024: Shimo la zamani

Choo cha zamani cha ua kilikuwa kimejaa na hakifai kuachwa wazi kabla ya mvua. Gari la kunyonya lilisimama barabarani, mpira ukaungwa hadi mita 60. Lilinyonya maji ya juu, likaacha tope zito, na likadai bei ya safari nzima. Kuna sababu ya kimaumbile nje ya ujanja wa biashara: kwenye kimo cha mita 1,700 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani, na kunyonya ni hewa inayosukuma. Mpira mrefu na mlima vinamaliza kilichobaki.

Tope tulilitoa kwa pampu ya mkono aina ya Gulper, iliyobuniwa kwa mashimo ya namna hii. Kwanza unavua: matambara, chupa, nywele za bandia, taulo za kike, vyote kwa ndoano ndefu, karibu magunia mawili. Ukiruka hatua hiyo valvu inakwama kila dakika tano. Kisha unaongeza maji na kukoroga. Mita za ujazo 1.6 zilitoka kwa siku mbili ndani ya madumu ya lita 50 yenye vifuniko, kwa guta hadi barabarani, kisha mabwawa ya majitaka Kalobe. Hakuna aliyeingia shimoni. Gesi ya chini haina harufu ya kukuonya kwa wakati. Buti, glavu ndefu na miwani ni 68,000 kwa watu wawili. Shimo limefukiwa na moramu.

3 Desemba 2024: Mvua

Mvua kubwa ya kwanza ilileta maji ya mlimani moja kwa moja juu ya mifuniko. Shimo linalotumika lilipanda sentimita 60 usiku mmoja, likashuka baada ya siku nne. Kola ya matofali imeinuliwa sentimita 30 juu ya ardhi, na mtaro mdogo umechimbwa upande wa juu kupeleka maji pembeni ya ua. Saruji mifuko 2 na siku moja ya fundi, 67,000. Hili lilipaswa kufanywa Septemba, ardhi ikiwa kavu.

Shimo linalopumzika lilikuwa na maji machafu chini, na hayakutoka kwa mvua: udongo wa mfinyanzi kwenye chemba ulikuwa umeoshwa. Tumeweka nailoni nene nyuma ya ubao kabla ya kupaka udongo tena. Muda wa kupumzika hauanzi mpaka shimo lifungwe kwelikweli, kwa hiyo chemba inafunuliwa na kukaguliwa kila mwezi.

9 Februari 2025: Dira na daftari

Kwa miezi mitatu dira ilizidi mauzo kwa asilimia 8 hadi 9. Kamati ilianza kumtazama mhudumu kwa jicho baya. Tumetafuta mvujo usiku, koki zikiwa zimefungwa: dira haisogei. Tukapima madumu kwenye mizani ya duka la nafaka. Dumu la "lita 20" lililojazwa hadi mdomoni lina kilo 21.8 za maji. Uniti 5 za dira (lita 5,000) ni madumu 229, si 250. Pengo lote ndilo hilo. Mhudumu hana deni, na daftari sasa linahesabu madumu 46 kwa uniti badala ya 50.

Kuhusu idadi ya watu: sera ya maji ya mwaka 2002 iliweka, kwa vijijini, kituo kimoja kwa watu 250, lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400. Kwa kipimo hicho tenki letu linatosha watu 200. Wanaokuja ni zaidi, na saa tisa alasiri tenki huwa tupu. Jukwaa la pili la tenki lina nafasi upande wa juu, na bomba la 32 bado lina saa mbili kasoro za usiku zisizotumika. Hizo ni lita 1,700 hivi.

Shimo namba 1 lina tope kina cha sentimita 40. Kwenye ukuta wa choo imepakwa kwa rangi nyekundu: FUNGA NA. 1, FUNGUA NA. 2: 9/2026. Chini yake: NA. 1 ISICHOTWE KABLA YA 9/2028.